Mabeseni Manne ya Mama Meno

Mama Meno alirudi nyumbani Jumamosi mchana, mkoba ungali begani, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma bila hata kuvua viatu. Mabeseni yake manne yalikuwa yamefudikizwa juu ya meza, yanang'aa. Chumba kizima kilinuka sabuni.

Jina hilo la Mama Meno alipewa kazini. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na mkono uliozoea kuchonga jino la nta ndio uliomfaa kufuga salamanda. Wa kwake walikuwa wa majini: umbo la mjusi, ngozi laini kama ya chura, tumbo la rangi ya chungwa lenye madoadoa meusi. Jike hutaga yai mojamoja na kulikunja ndani ya jani kwa miguu ya nyuma, taratibu, kama mtu anayefunga barua. Majani hayo Mama Meno aliyahamishia kwenye mabeseni, maana wazazi wenyewe hawana haya, wakiyaona mayai yao huyala. Mwaka ule walitoka viluwiluwi hamsini na watatu, wembamba kama sindano, matamvua yao ya kupumulia yamechanua kando ya shingo kama manyoya. Aliwalisha vidudu hai vya majini kwa mrija, asubuhi na jioni. Aliwatenga wakubwa na wadogo wasing'atane miguu. Maji ya bomba aliyalaza kwanza kwenye ndoo, ile dawa ya kuulia vijidudu itoke. Beseni la nne lilikuwa na majani ya mwisho, mayai yake bado hayajaanguliwa.

Ndipo akaitwa kwenda kumwuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji wa jicho. Siku sita tu. Maelekezo aliyaandika kwenye karatasi akaibandika kwenye mlango wa friji. Mumewe, mpimaji wa ardhi, mtu anayegombana na sentimita, aliyasoma yote akamwambia aende salama, asiwe na wasiwasi.

Sasa mume alikuwa amesimama nyuma yake. Alieleza kwa sauti ya upole kwamba dada yake alikuja Jumatano kumsaidia usafi, akaona maji ya kijani, akadhani uchafu, akamwaga. Yeye alikuwa kazini. Wale salamanda wazazi wawili walikuwa salama kwenye tangi lao sebuleni.

"Unamjua wifi yako," akamalizia. "Mkono wake hautulii."

Mama Meno alitua mkoba, akatoka kwenda kwa huyo dada.

Wifi yake alikuwa msafishaji wa maofisi, na kwa miaka kumi na moja wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa sababu tu salamu ni wajibu. Njia nzima Mama Meno alipanga maneno, makali yakitangulia. Alimkuta akianika nguo uani, akamwagia yote: roho mbaya, kiherehere, kuingia chumba cha mwenzio kama chako. Wifi alimsikiliza hadi mwisho, vibanio vya nguo mkononi.

"Wifi, vidudu vyako mimi kwa hiari yangu hata kuvisogelea siwezi," akasema. "Nilimpigia kaka simu. Akaniambia mwaga vyote, chumba anakitaka kwa meza yake ya ramani. Nikamwuliza mara mbili. Nikajua mmeshaelewana, ndipo nikamwaga."

Watu husema hasira hasara. Siku ile hasara ilikuwa imetangulia, na hasira ilikuja nyuma yake kumtafuta mwenyewe. Mama Meno aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wifi ndiye aliyekumbuka majani. Hakuyatupa. Aliyaweka kwenye ndoo kuukuu chini ya mchirizi wa paa kule kwa Mama Meno, akidhani yatafaa kwa maua.

Walirudi pamoja. Ndoo ilikuwa imejaa maji ya mvua. Mama Meno alipiga magoti, akachukua jani mojamoja kwa kibano, akalifungua kidogo na kulielekeza kwenye mwanga. Mengi yalikuwa yameoza. Tisa yalikuwa na yai safi, na ndani yake kitu kilichojikunja, kinatikisika.

Ndani, mume alikuwa anapima ukuta wa chumba cha nyuma kwa futikamba. Aliwaona wote wawili mlangoni, futikamba ikamponyoka ikajikunja yenyewe.

"Ungeniambia chumba unakitaka," Mama Meno akasema. "Tungegombana, tukamaliza. Wewe umeua, halafu ukamkabidhi dada yako kisu."

"Ni vidudu tu, mama watoto."

"Ndiyo, ni vidudu. Na uongo nao ni mdudu?"

Mume alimtazama dada yake, kama anayeomba msaada. Dada yake akakunja mikono kifuani, akamwambia kwamba huko nyuma alishambebea mengi, ila hili halibebi.

Jumatatu Mama Meno alihamishia tangi na yale mayai tisa kazini, kwenye rafu iliyo mbali na vumbi la plasta. Bosi alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hawaumi. Wenzake walimtania kwamba sasa anachonga meno ya vyura. Alicheka nao, na nyumbani hakucheka. Alipika, akala, akajibu alichoulizwa, basi.

Walianguliwa saba. Mmoja alikufa wiki ya kwanza. Kila Ijumaa wifi alimletea dumu la maji ya mvua, akasimama mbali na rafu akiuliza habari zao huku amekunja uso. Mwezi wa tatu tangu waanguliwe, matamvua yalianza kusinyaa, Mama Meno akawawekea jiwe lenye mteremko wasije wakazama, maana sasa mapafu ndiyo yalikuwa yanaanza kazi. Wifi alikuwepo salamanda wa kwanza alipopanda, akakaa juu ya jiwe akitweta.

"Kaka ameshaondoa ile meza," wifi akasema. "Anasema uwarudishe. Chumba kipo wazi."

"Amekutuma?"

"Amenituma."

Mama Meno alidondosha mnyoo mdogo mbele ya yule aliye juu ya jiwe, akangoja hadi akaumeza.

"Mwambie mdomo anao," akasema. "Hapa kazini anapajua."