Ukuta Wenye Kitambi

Mtaa wa Sari-Kapka ulipata jina lake kwa kichekesho. Zamani zile, vijana waliochoka kupanga vyumba mjini Bishkek, Kirigizi, walipoivamia nyika iliyo nje ya mji, mmoja wao alianza na lango. Alilipaka rangi ya njano, kisha akakaa nyuma yake kwenye hema mwaka mzima kama tajiri. Watu wakawa wanaelekezana "pale lango la njano", na kwa Kikirigizi hiyo ndiyo Sari-Kapka mpaka leo, ingawa sasa kuna lami, shule, na majirani wanaogombana juu ya nani kaegesha gari wapi.

Nyumba zilizofuata, karibu zote, zilipita mikononi mwa Fundi Toktosun. Mkewe, Kanishai, angeweza kukutembeza mtaa mzima akikuonyesha: ukuta ule mume wangu, paa lile mume wangu, na mle ndani bwana na bibi walitwangana siku ileile ya kuhamia. Wao wenyewe walikuwa bado wanaishi kwenye kibanda cha bati. Kila Toktosun alipofyatua matofali ya udongo kwa ajili ya nyumba yake, alitokea mtu mwenye mke mjamzito au mama mgonjwa, na matofali yakahama.

"Mwaka huu ukigawa hata tofali moja," Kanishai alimwambia theluji ilipoyeyuka, "nahamia kwa shoga yangu Janil. Na unajua mimi na Janil tukikaa pamoja hatusazi siri ya mtu."

Vuli ilipoingia, matofali yote yakiwa bado yapo, majirani wakaitisha ashar. Kwenye ashar watu huja kujenga bure, na mwenye nyumba huchinja na kulisha. Ila hagusi mwiko wa kujengea. Kazi yake ni kumimina chai. Kwa wengine hiyo ni raha. Kwa Toktosun ilikuwa jela.

"Ermek! Macho umeyaacha nyumbani? Ukuta huo una kitambi!"

Ermek, dereva wa lori aliyefundishwa kujenga na Toktosun mwenyewe, alijibu kutoka juu ya jukwaa, "Ukuta umemfuata mwenyewe kwa kitambi, Fundi. Hebu mimina chai."

Watu wakaangua kicheko. Toktosun hakucheka. Aliweka birika chini, akapanda jukwaani, akaanza kung'oa matofali ya safu ya juu kwa mikono. Jirani mmoja akashuka kimya. Wa pili akamfuata. Ermek akafuta mwiko kwenye suruali.

"Basi jenga mwenyewe, Fundi. Miaka yote hii hujawahi kuniambia ukuta wangu mzuri. Hata nyumba yangu ilipokwisha, ulisema mbuzi watapata kivuli."

Kanishai alitazama milimani. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mabegani mwa milima, na ukuta wa udongo mbichi usio na paa, mvua moja tu huurudisha uji. Akamwachia Janil sufuria la nyama, akaenda kumvuta mumewe upindo wa koti.

"Shuka."

"Umepinda, Kanishai!"

"Na mimi nimepinda mgongo kwa kuinama kwenye mlango wa kibanda chako. Kuta zilizonyooka nimeziona kwa majirani wote. Mimi nataka ukuta wa kutundika zulia langu. Huu utaanguka?"

Toktosun akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Juu ya mambo mengine aliweza kudanganya, juu ya ukuta hapana.

"Hauanguki," alisema.

"Basi shuka umimine chai."

Watu wakapanda tena jukwaani, kazi ikaendelea, lakini bila nyimbo. Ikafika zamu ya boriti kuu. Hapo ndipo wajenzi husimama nayo mabegani wakilia kwamba ni nzito, mpaka mwenye nyumba aipunguze uzito kwa zawadi. Kanishai alileta kitambaa chake kizuri cha kichwani.

"Bado nzito, shemeji," Ermek alisema.

Akaongeza shati jipya la mumewe.

"Nzito!"

Macho yao yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake, yanamtazama Toktosun. Hata Janil aliacha kutafuna, mdomo umejaa andazi. Tone la kwanza la mvua likalia kwenye sinia.

"Tunataka neno," Ermek alisema.

Toktosun alikohoa. "Ukuta... hauanguki."

"Uwii! Imezidi uzito! Jamani kiuno changu!"

"Baba watoto," Kanishai alinong'ona, "sema kile unachoniambia mimi usiku."

Toktosun akaweka birika chini. Alikwenda ukutani, akapitisha kiganja juu ya kile kitambi, polepole, mpaka kwenye kona.

"Ermek, ulipokuja hapa hukujua udongo unaanza na maji au mabua," alisema. "Leo kona hii umeifunga... mimi siwezi kuifunga hivi. Hata ujanani sikuweza. Ningeanza maisha upya hapa Sari-Kapka, ningekuita wewe unijengee." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Ukuta mzuri. Wote mmejenga vizuri."

Ermek, bingwa wa utani, akageuzia uso upande wa pili wa boriti.

"Ila huu upande wa kushoto..." Toktosun akaendelea.

"Inueni!" Kanishai akapiga kelele. "Inueni upesi, kabla hajamaliza!"

Boriti ikapaa kama unyoya, na turubai la kukinga kuta na mvua likafuata nyuma yake.