Spika za Ghala la Pili

Gesi ya majokofu ilivuja saa nne asubuhi, na spika za ghala la pili hazikulia. Za ghala la kwanza zililia zote, mpaka ya chooni.

Aliyeziunganisha tulimwita Vyeti. Alikuwa navyo saba, kavipanga ukutani juu ya kiti chake utadhani picha za harusi. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Kazi yangu kuvuta nyaya. Lakini ruta, visanduku vya kugawa mawasiliano, nazijua. Tangazo la dharura hutumwa mara moja tu, wenyewe huita multikasti, kisha ruta ndizo zinazoligawa kwa spika zilizoliomba. Ruta isiyoambiwa igawe hulitupa, kimya kimya. Tulikuwa nazo mbili, moja kila ghala.

Siku ya makabidhiano Vyeti alibonyeza kitufe. Spika iliyo juu ya kichwa chake ikasema, "Tokeni nje!" Akajipigia makofi.

"Na kule ghala la pili?" nikamuuliza.

"Mzee, hii ni multikasti. Ikisikika hapa, imesikika kote."

"Basi twende tukasikilize. Mke wangu anapakia samaki kule."

"Msalimie shemeji." Akatazama viatu vyake vya ngozi, kisha tope la uani. "Wewe vuta waya. Ruta tuachie tuliosoma."

Ruta ya kule ilitaka uiendee, uchuchumae sakafuni, uiandikie amri nne. Hakuwa ameigusa. Kwenye karatasi ya makabidhiano akaandika: maghala yote mawili yamejaribiwa. Akatia sahihi yenye mikia kama kishada, akanisukumia kalamu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nataka kwenda nyumbani. Nikatia yangu chini ya yake.

Siku gesi ilipovuja alibonyeza kitufe, akasikia tangazo juu ya kichwa chake, akawa wa kwanza getini. Nilimpita nikikimbilia ghala la pili.

"Unakwenda wapi, mzee? Tangazo limetoka! Mimi mwenyewe nimelisikia!"

Kule walikuwa bado wanafunga maboksi, wanakohoa na kulaumu vumbi.

Kutoka kiti cha Vyeti mpaka ghala la pili ni hatua mia mbili na kumi. Amri zilizokosekana, nne. Sahihi, mbili. Waliokuwa ndani, kumi na mmoja. Tisa walirudi kwao siku ile ile. Mpima mizani hakurudi. Mke wangu alilala hospitali siku kumi na saba. Nyumbani kwetu kuna ngazi kumi na mbili, na sasa huzipanda kwa mapumziko matatu.