Nipo na Jino la Mwenzake

Fundi viatu wa mtaa wetu aliitwa Nipo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila jioni, akishafunga kibanda, alibeba tarumbeta lake hadi ukumbi ambamo bendi ya harusi ilifanya mazoezi, akachungulia mlangoni na kusema, "Nipo."

"Nafasi hakuna," kiongozi wa bendi alimjibu bila hata kugeuka.

"Sawa. Nasikiliza tu."

Akaketi juu ya spika iliyoharibika, tarumbeta mapajani kama mtoto aliyelala. Wanabendi wakamzoea. Wakawa wanamtuma maji na kumwachia nyaya azikunje.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amechoka.

"Mume wangu, watu wanakucheka. Hata paka ukimfukuza anaelewa."

"Mimi si paka."

"Kweli. Paka hapulizi hilo dude alfajiri."

Mama mkwe alikuja kuwatembelea, akikusudia kukaa wiki nzima. Kesho yake tu akaaga, eti amewakumbuka kuku wake.

Ikafika Jumamosi ya harusi moja kubwa. Nipo alikwenda kubeba nyaya. Mpiga tarumbeta wa bendi, mtu wa kujisikia sana, akataka kuwaonyesha wapambe wa bibi harusi anavyofungua soda kwa meno. Kizibo kikagoma, jino likakubali. Kila alipopuliza, hewa ikapita pengoni: fiiii, kama birika jikoni. Na huko nje magari ya maharusi yalishaanza kupiga honi.

Kiongozi akashika kichwa, akatazama kulia, kushoto, kisha nyuma. Nipo alikuwa ameshasimama.

"Usiseme," kiongozi akamwonya.

"Nipo."

Alianza vibaya. Kwa woga aliupiga wimbo wa kuingilia kasi mno, hata bwana na bibi harusi wakaingia ukumbini mbiombio kama wanaokimbia mvua, gauni limekusanywa mikononi, wasimamizi wakihema nyuma. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Wimbo wa pili pumzi ikamtulia, na wazee wakaanza kuviacha viti vyao mmoja mmoja na kuingia kucheza.

Baadaye shangazi wa bwana harusi akamfuata kiongozi, bado anapangusa jasho. "Mwezi ujao namwoza binti yangu. Nawataka nyinyi, na hao maharusi waingie mbio vilevile!"

Kiongozi akajibu haraka, "Ndivyo tulivyopanga, shangazi."

Mpiga tarumbeta, shavu limevimba, akanung'unika, "Una bahati wewe, umeokota jino langu."

"Ningekuwa nyumbani ningeliokotea wapi?" Nipo akamjibu, kisha akampa pole ya kweli, maana maumivu ya jino anayajua.

Jumatatu akaambiwa atafute koti la bendi. Mkewe aliposikia alichukua tepu, akampima mabega, akarudia, akayapima tena, na mikono yake ikachelewa kuondoka hapo.