Kamera Nyepesi ya Baba Tulia

Watu wakisikia nafundisha udereva husema lazima nina subira sana. Subira ya wapi? Kazi yangu inataka sauti. Wanafunzi wananiita Mama Breki, na jina hilo nimelipata kwa haki, maana neno breki nalitamka mara nyingi kuliko jina la mume wangu.

Subira yote ya nyumba yetu anayo mume wangu. Yeye ni mpiga picha wa studio. Ana chumba kimoja karibu na posta, taa mbili, kiti cha kuzunguka, na nyuma ya kiti alikuwa na pazia kubwa lililochorwa mlima, na chini ya mlima ziwa. Mtu akikaa pale, mume wangu humwambia "tulia", basi, na mtu anatulia. Hata watoto wachanga. Mtaa mzima unamwita Baba Tulia. Ila siku hizi watu wanajipiga wenyewe kwa simu, na wachache wanaokuja kwake wanataka picha za pasipoti na vitambulisho, ambazo hazina haja ya mlima. Lile pazia alilikunja akaliweka juu ya kabati.

"Nataka kupiga mlima wa kweli," akaniambia siku moja tukila.

Nilifurahi hadi nikaweka kijiko chini. Tangu tuoane hatujawahi kusafiri bila harusi au msiba kutuita. Nikaomba likizo kazini, nikapiga simu kwenye nyumba ya wageni huko milimani, kisha nikawatangazia wanafunzi, majirani na muuza mboga kwamba mume wangu, mpiga picha hodari kuliko wote mjini hapa, anakwenda kupiga milima. Milima haikutani, niliwaambia, kwa hiyo inabidi sisi ndio tuifuate.

Ilibaki kamera tu.

Ile ya studio haikufaa. Ni nzito kama tofali, na tangu niifahamu haijawahi kushuka kwenye stendi yake. Mume wangu akanieleza kwamba mtu wa kutembea vilimani anahitaji kamera za siku hizi zisizo na kioo ndani, kwa sababu kioo kile ndicho kinachoinenepesha kamera. Nikamwambia gari lisilo na kioo mimi silipandi. Hakucheka. Alikuwa ameshaanza kusoma.

Alisoma, jamani! Akishajua uzito wa kamera fulani na lenzi zake, anachukua mizani yangu ya unga, anapima mchele wa uzito uleule, anautia mkobani na kuzunguka nao uani, anapanda na kushuka ngazi ya mlangoni. Jioni moja nilikwenda kuchukua mchele nipike, nikaambiwa niuache, ule ni lenzi. Tulikula mkate.

Kila Jumamosi tulikwenda kwa muuza kamera, mwanadada mpole aliyetusalimia shikamoo zetu mbili na kutuvutia viti kabla hatujaomba. Mume wangu alikuwa akizipanga lenzi juu ya kaunta na kuanza.

"Hii pana inameza bonde zima, lakini mlima nao unageuka kichuguu. Hii ya kuvuta inauleta mlima mpaka mlangoni, lakini bonde linapotea. Nikichukua zote mbili, nitakuwa nabadilisha kwenye upepo, na vumbi litaingia ndani. Nikichukua hii moja inayofanya yote, nzito, na jua likishuka inaanza kusumbua."

"Mzee, zote ni nzuri," mwanadada alimwambia.

"Ndiyo shida yenyewe," akajibu, na tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Safari tuliiahirisha mara ya kwanza. Tukaiahirisha tena. Mwenye nyumba ya wageni akaniambia kwa adabu kwamba tukiiahirisha mara ya tatu, mvua zitaanza, njia ya juu itafungwa, na tutaonana mwakani. Mwakani! Namjua mume wangu. Mlima usipopigwa mwaka huu, haupigwi tena, na yeye atazeeka mle chumbani akiwaambia watu wainue kidevu. Wazo hilo lilininyima raha kabisa.

"Mchagua jembe si mkulima," nikamtupia.

"Na jembe zito halilimi," akajibu kwa upole ule ule, akaendelea kupima mchele.

Wiki hiyo nilikuwa na mwanafunzi mpya, muuza nyama, pande la mtu, anayepasua mifupa kutwa bila kupepesa. Ilikuwa siku yake ya kwanza kuingia barabarani. Akasogeza kiti mbele. Akakirudisha nyuma. Akafunga mkanda, akaufungua, akauliza kama kiti hakijainuka mno, akakisogeza tena. Nikafungua mdomo nimpe zake, kisha nikaufunga. Mwanafunzi anayesogeza kiti namna hiyo hasumbuliwi na kiti. Anaogopa barabara. Hilo nimelijua miaka yote nikiwa garini, na nyumbani kwangu linatembea uani na mkoba wa mchele, silioni!

Muuza nyama akaniuliza kama naumwa, maana alikuwa ameambiwa sinyamazi.

Jumamosi tukawa dukani tena. Mume wangu alikuwa ameshika lenzi kila mkono, mara hii, mara ile.

"Baba Tulia," nikamwambia, "unaogopa nini?"

"Siogopi. Nalinganisha."

"Unasogeza kiti."

Hakuelewa. Nikamsimulia habari za muuza nyama, mwanzo hadi mwisho. Akaziweka lenzi mezani polepole. Mwanadada akakumbuka ghafla kwamba ana maboksi ya kupanga kule nyuma.

"Studioni taa ni zangu," mume wangu akasema. Aliongea chini, akiitazama kaunta. "Nikitaka mwanga nauwasha. Kivuli nikikitaka nakisogeza. Mtu nikimwambia tulia, anatulia. Sasa wingu nitaliambia nini? Sijawahi kupiga picha mbovu mbele yako, mke wangu. Na wewe umeshawaambia watu wote mimi ni hodari. Nitafika kule juu, nitakosea, na wewe utakuwa umesimama papo hapo unanitazama."

Huruma ilinishika, na hasira nazo zikapanda papo hapo. Kwangu hivyo viwili husafiri pamoja.

"Wewe mwanaume! Mimi watu wananilipa ili wakosee mbele yangu! Wameniingiza mtaroni. Wamenigongesha ukuta wa benki, mlinzi akatoka mbio akidhani ni wezi. Kuna mmoja alirudi nyuma mpaka ndani ya banda la kuku. Na wote nimewapenda. Sasa nishindwe na wewe?"

Akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. "Banda la kuku hukuwahi kuniambia."

"Usinipige chenga. Kosea, mume wangu. Kosea mpaka ushibe. Lakini ukakosee kule mlimani, usiniishie hapa dukani."

Kwenye maboksi kulisikika mtu akijizuia kucheka.

Basi alichagua kwa haraka kuliko ninavyochagua nyanya. Akachukua kamera ndogo iliyoenea kiganjani mwake, lenzi moja pana, na moja ya kuvuta, ile nyepesi kuliko zote. Mwanadada akamtahadharisha kwamba hiyo haipendi giza. "Mlima hauna haraka," mume wangu akasema, "nitasubiri mwanga." Stendi aliikataa. Kule kuna mawe, ataegemeza kamera juu ya jiwe. Nilimtazama akisema hayo, nikaona yale masomo yote hayakupotea bure. Alikuwa amejua siku nyingi anachokitaka.

Asubuhi ya kwanza huko milimani tulipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba ya wageni, njia nyembamba, nyasi zina umande, mimi nahema kama birika linalochemka. Tukafika mahali palipo wazi. Bonde lote likawa chini yetu, na ng'ambo yake ule mlima, mkubwa, hauna habari na mtu.

Mume wangu akapiga. Akatazama, akapiga tena. Muda mrefu alikuwa hivyo, na mimi ulimi nimeuma. Mwishoni akaja kunionyesha. Ya kwanza anga lilikuwa jeupe kama shuka na bonde jeusi tii. Ya pili nchi yote ilikuwa inateremkia kushoto. Ya tatu mlima ulikuwa katikati kabisa, umenyooka, umekaza uso.

"Sema tu," akaniambia.

Nilifikiri nimdanganye. Lakini nimeishi naye mno.

"Mbovu."

"Mbovu sana!" akasema. "Huu umekaa kama umeitwa polisi." Akaangua kicheko, nami nikacheka, tukashikana mabega ili tusianguke. Kicheko kile sikuwahi kukisikia studioni. Nilitamani kukifunga kwenye kitambaa nirudi nacho nyumbani.

Halafu upepo ukageuka. Mawingu yakapasuka, na jua likaanza kukimbia bondeni, mara shamba hili, mara mto, mara paa la mtu. Mume wangu akaupa upepo mgongo, akaificha kamera ndani ya koti, akabadilisha lenzi haraka, akapiga magoti kwenye tope. Huyu ni mtu anayepiga pasi hata leso. Akapiga, akainuka, akapanda kidogo, akalala kifudifudi juu ya jiwe, akapiga. Mwanga ukasogea, naye akaufuata. Akafika kwenye kona ya njia, akatazama upande wa pili kuona kuna nini, akaendelea.

Mimi nilikaa nikamwangalia akipanda. Nilingoja ageuke aone kama namtazama. Hakugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, mume wangu alikuwa amenisahau kabisa, na sijui kama nimewahi kufurahi kiasi kile.

Nilikaa na furaha yangu mpaka njaa ikaniuma. Chakula chote kilikuwa kwenye mkoba wake, kwa hiyo nikanyanyuka, nikamfuata.