Kunde za Nyuma ya Nyumba

Nakhungu alipolima nyuma ya nyumba yao katika lokesheni, mtaa wa Waafrika mjini Kitale, mwaka wa hamsini na mbili, majirani walimcheka. Ati wenzake wameacha jembe kijijini Naitiri, yeye amekuja nalo mjini! Kucheka walicheka, lakini jioni walimgongea mlango kuomba kunde.

Asubuhi moja afisa wa afya alikuja na vibarua wenye mapanga. Mahindi yanafuga mbu, alisema, na kuna mkaazi ameshtaki kwa barua. Akamwonyesha. Nakhungu hakujua kusoma, lakini herufi zile zenye mikia mirefu alizijua. Ndizo zilizompelekea mama yake salamu kila Krismasi, kwa mkono wa mumewe Jotham, karani wa kuvaa tai, aliyeona haya mkewe kuonekana na jembe.

Vibarua walifyeka yote, mahindi, kunde, hata mboga ya mrenda.

Jioni Jotham alinawa mikono, akaketi, akafunua sahani. Ugali mtupu.

"Mboga iko wapi, mama Wekoye?"

"Si uliiandikia barua?" Nakhungu alisema. "Ngoja ikujibu."