Muhuri Ulioegemea Kushoto

Mwaka ule watu wa mji wetu wa Barisal walipoapa kutonunua tena kitu cha Mwingereza, mama mkwe wangu, Mokshada, aliapa mara mbili ya wenzake, na sisi wake za wanawe ndio tuliokiishi kiapo chake. Chumvi nyeupe aliimwaga bwawani, tukaanza kula ya kwetu, nyeusi, inayokwaruza meno. Viberiti vya nyumbani ulikuwa unapiga njiti saba ukaambulia moshi. Bangili zetu za kioo alizivunjia papo hapo mikononi mwetu. Ukinung'unika anakujibu, "Mchagua jembe si mkulima."

Mume wangu, Haranath, akafungua duka la bidhaa za nchi. Watu walijaa mpaka barabarani, lakini wafumaji wa vijijini hawakuweza kufuma kwa kasi ya uzalendo huo. Basi mchana, mama mkwe akishalala, marobota ya nguo za Kiingereza, za Manchester, yaliingia kwa mlango wa nyuma. Mimi nilifuta chapa ya kiwanda kwa maji ya chokaa, na Khiroda, mke wa shemeji yangu, aligonga muhuri wa bluu: Kazi ya Mikono Yetu. Alikuwa na mimba kubwa, hawezi kuinama sawasawa, kwa hiyo muhuri wake uliegemea kushoto.

"Dada, hii si dhambi?" aliniuliza siku moja.

"Dhambi ni ya mwenye duka. Wewe gonga."

Nilimpenda Khiroda, nisijisingizie ubaya ambao sikuwa nao. Mumewe alikuwa masomoni Kalkata, na neno lake lilikuwa moja tu mchana kutwa: kwenda kujifungulia kwa mama yake. Desturi yetu inamruhusu, mimba ya kwanza ni ya kwa mama. Naye alikuwa na sababu zaidi, dada yake alifia uzazini kwa wakwe, peke yake, akihudumiwa na watu wasiompenda. Wiki nzima kifurushi chake kilikuwa kimefungwa tayari.

Mimba ilipofika mwezi wa tisa, baba yake, Tarapada, mwalimu wa shule ya kijijini, akaja kumchukua. Alileta sinia mbili za karamu ya mjamzito: samaki, nazi, vitamu vya sukari guru, na sari nzito yenye pindo jekundu. Mama mkwe alikaa barazani kuvikagua. Alilamba kitamu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaikunjua sari yote, mpaka mkunjo wa mwisho, na pale mwisho palikuwa na nusu ya taji na herufi mbili za Kiingereza. Robota lile nililifuta mimi, tena kwa haraka.

"Mkwe," alisema taratibu, "umeniletea Manchester nyumbani kwangu?"

Yule mzee alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Nimeinunua dukani kwenu, mama. Jana, mkononi mwa Haranath. Nilisema ninunue huko ili nisikosee. Muhuri huo hapo."

"Dukani kwetu? Wewe maskini una mdomo. Mke wa mwanangu mkubwa! Njoo hapa. Huu muhuri ni wetu?"

Nikaushika. Uliegemea kushoto. Khiroda alikuwa kando ya nguzo, ananitazama, na nilimwona anavuta pumzi ili aseme. Angesema, naapa. Lakini Haranath alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza kila neno, naye akatoka barazani, akasimama tu, mikono nyuma. Kwetu mke wa ndugu mdogo haonekani uso wala hasikiki sauti mbele ya kaka wa mumewe, hata nyumba ikiungua. Khiroda akavuta shela mpaka kidevuni, akanyamaza. Mume wangu alijua anachofanya.

"Si wetu, Mama," nikasema. "Wetu unakaa wima. Huu ni wa kughushi."

Tarapada alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto. Kisha, kwa kuwa ni upande wa binti, na upande wa binti hauna haki ya kukasirika, aliinama akagusa miguu ya mama mkwe na kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Radhi kaombe kwa nchi," mama mkwe akamwambia. "Mjukuu wangu hazaliwi kwenye nyumba ya msaliti. Shika njia."

Sinia zilimwagwa bwawani. Habari ikamtangulia mzee kijijini, na Haranath alihakikisha imefika. Kinyozi akakataa kumnyoa, dobi akakataa nguo zake, kuhani akakataa kumfanyia ibada. Shule ikamwambia apumzike.

Wiki tatu baadaye Khiroda akashikwa na uchungu. Siku ya kwanza mama mkwe alisema wanawake wa siku hizi wanadeka. Siku ya pili mkunga alitoka kwenye kibanda cha uzazi akasema hawezi zaidi, na mama mkwe akaogopa, akatuma mtu aende akamlete mama yake Khiroda. Mtu akaenda, na mama akatoka mbio. Lakini mto mzima hapakuwa na mwenye mtumbwi aliyekubali kumpakia mke wa msaliti. Alizunguka kwa miguu, katika tope la mvua, siku moja na nusu.

Alifika mtoto ameshazaliwa mfu na Khiroda ameshamfuata, na wanaume wameshawapeleka mtoni kwa mazishi. Alisimama uani, tope mpaka mapajani. Mama mkwe alikaa barazani, hakuinuka.

"Alinitaja?" mama yake Khiroda aliniuliza.

Khiroda alikuwa amemtaja siku mbili mfululizo, mpaka sauti ikakauka. Lakini mama mkwe alikuwa anasikiliza, na uongo ukishasema wa kwanza, wa pili hauna uzito.

"Hapana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini palepale, akaomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa karibu na mguu wangu. Kabla sijainama nilimtazama mama mkwe kwanza, nione kama anaruhusu.