Ushuru wa Kukaa Chini

Lori la kuni halijasimama sawasawa, Delfina Huipe alikwisha ruka chini na kreti mbili za stroberi kifuani, akawafuata wenzake mbio mbio kuwahi nafasi. Saa moja asubuhi ilikuwa haijagonga, lakini wanawake wa visiwani walishafika na mitumbwi yao, wametandaza mikeka kando ya maji na kupanga dagaa wakavu mafungu mafungu. Kila mtu alikuwa na pake. Yeye peke yake alizubaa katikati ya njia, akisukumwa huku na huku.

"Njoo hapa, usisimame kama mlingoti," alimwita nana Librada, shangazi wa mumewe, mwanamke wa miaka sabini na mbili aliyekuwa akifungua shali iliyojaa vyungu. "Weka kreti zako kando yangu. Usiziweke juani."

Stroberi zile ndizo zilizokuwa mshahara wake wa wiki ya mwisho. Kule bondeni, kwenye mahema ya plastiki alikochuma miaka sita, mnunuzi wa ng'ambo aligoma, msimu ukafungwa kabla ya siku zake, na msimamizi akawaambia pesa watazipata mambo yakikaa vizuri. Kwa sasa kila mtu achukue kreti mbili. Ungemfanya nini mtu kama yule? Unachukua, unashukuru, unakwenda zako ukitukana kimoyomoyo.

Nyumbani, jana yake, mama mkwe alilikung'uta debe la mahindi vikatoka vibaba viwili. Hivyo ni vya siku tatu kwa kubana, kwa watu wazima wawili na wasichana wawili wanaokula kama wavulana. Mume yuko kaskazini kwenye mashamba ya matufaha, na tangu Pasaka simu yake inaita tu. Soko hili la kubadilishana huzunguka vijiji vya ziwani na kurudi hapa baada ya siku ishirini. Kwa hiyo Delfina alikuwa akitafuta mahindi ya siku ishirini, na mali aliyokuwa nayo ilikuwa imeanza kutoa maji.

Miaka yote hiyo hakuwahi kutia mguu katika soko hili, maana siku zake zilimkuta kazini. Akaanza kama anavyoanza mtu wa mshahara. Alimwinamia mama wa dagaa wa mkeka wa pili, akauliza, "Hawa bei gani?"

"Bei!" Mama yule, Eulogia wa kisiwani, alijipiga mapaja. "Jamani mmesikia? Anauliza bei! Shoga, umepotea, maduka yako kule juu. Hapa ni una nini, nina nini, basi."

Vicheko vikapita mkeka kwa mkeka. Delfina aliona masikio yakimwaka moto.

"Mwacheni," alisema nana Librada. "Ndiyo mara yake ya kwanza. Alikuwa na mshahara huyu."

"Alikuwa nao?" Eulogia aliacha kucheka. "Loo, pole basi. Lete fungu la hayo matunda nikupe dagaa, tule wote."

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Unakipeleka kitu chako kwa mwenye kitu unachokitaka, unakiweka mbele yake, naye anaweka chake. Ukiona kidogo unakaa kimya, yeye anaongeza. Pesa haishikwi na haitajwi. Lakini dagaa si mahindi, na mahindi ya maana yalikuwa na mtu mmoja tu, Nicanora, mama wa mlimani mwenye mabega mapana aliyekalia gunia la kumfika kifuani. Delfina alimwekea kreti nzima miguuni. Nicanora aliokota tunda moja, akalibonyeza, akajifuta kidole kwenye aproni.

"Maji mekundu haya," alisema. "Nikifika nyumbani yatakuwa mchuzi. Kibaba kimoja."

"Kwa kreti nzima?"

"Kwa kreti nzima. Hutaki, basi."

Delfina alikaa kimya kama alivyofundishwa. Nicanora naye akakaa kimya, tena yeye alikuwa na mahindi. Delfina akaichukua kreti yake na kurudi kwa nana.

Saa mbili na nusu akaja Evodio Ponce.

Alikuwa kijana wa halmashauri, amevaa kizibao cha kijani, kitabu cha risiti mkono mmoja na utepe wa kupimia mkono wa pili, na nyuma yake pikapu ikija taratibu mlango wa nyuma umefunguliwa. Halmashauri ilikuwa imesakafia ufukwe ule kwa mawe, ikasimika taa, na herufi kubwa za rangi zenye jina la mji ili watalii wapige picha. Kwa akina mama hawa halikuongezwa hata bomba la maji. Sasa zilitakiwa pesa zirudi.

"Mita moja peso thelathini, mabibi," alisema, akautandaza utepe kwenye mkeka wa Eulogia. "Hapa ni mita mbili. Sitini."

"Sisi hatuna peso," alisema Eulogia. "Hili si soko la peso, na wewe unajua. Tuna samaki. Utachukua wangapi?"

"Risiti haiandikwi samaki, mama."

"Mbona kalamu ni yako? Andika."

"Mama, usinichezee. Asiyelipa, mzigo unaingia kwenye gari, anakuja kuukomboa ofisini Jumatatu. Mimi nimetumwa tu. Jioni naulizwa kitabu."

Hakuna aliyecheka tena. Delfina aliziangalia kreti zake. Stroberi za kukomboa Jumatatu! Akajikuta amezikumbatia zote mbili.

Nana Librada ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Hebu tusomee hiyo karatasi yako, mwanangu. Ushuru huo ni wa nini hasa?"

Evodio alitoa karatasi mfukoni na kuikunjua. Alisoma kama mwanafunzi. "'Ushuru wa matumizi ya ardhi ya ufukwe, kwa kila mita, kwa kila bidhaa iliyowekwa chini.'"

"Iliyowekwa chini."

"Ndiyo, bibi."

"Isiyowekwa chini je?"

Evodio aliiangalia karatasi, akaigeuza, nyuma hakukuwa na kitu. "Haikutajwa," alikiri.

"Haya." Bibi alivirudisha vyungu katika shali kimoja kimoja, akafunga fundo, akauinua mzigo mgongoni, magoti yakimlia. "Wanawake, inukeni. Hakuna wa kugusa chini."

Jamani, ungeyaona! Mikeka ilikunjwa, mabeseni yakapanda vichwani, kuni zikabebwa, kuku wakatundikwa mikononi vichwa chini. Dakika chache tu ufukwe ulikuwa mtupu na soko lote liko wima, linatembea. Eulogia alipita mbele ya Evodio na beseni lake la dagaa, akamwuliza kama hatapima na kivuli chake.

Evodio hakukasirika. Alikwenda akaketi kwenye tumbo la herufi mojawapo, akapishanisha miguu. "Mimi nina siku nzima," alisema. "Nyinyi mtachoka."

Na ni kweli, walianza kuchoka. Kupima kibaba cha maharage ukiwa umesimama na mzigo mgongoni si mchezo. Mmoja anafungua shali, mwenzake anamshikia, wa tatu anapokea, na macho ya wote yanamtazama yule kijana kwenye herufi. Kila kitu kilichoyumba kilimfanya ainuke nusu. Mama mmoja aliangusha boga, wakalirukia watu watatu kuliokota kabla utepe haujafika. Delfina alikuwa amebandika kreti moja juu ya nyingine mikononi, na majimaji mekundu yanamchirizika mpaka kwenye viwiko. Saa nne alikuwa amezishikilia kwa kidevu.

Hapo akamwona Nicanora anakuja, gunia mgongoni, kamba ya paji la uso imemkaza hadi macho yamemtoka. Wengine walikuwa na vitu vyepesi. Yeye alikuwa na nusu ya mlima.

"Wewe wa matunda," alihema. "Bado unayo?"

"Ninayo."

"Lete kreti. Nikupe vibaba vinne."

Delfina alikaa kimya. Safari hii kimya kilikuwa cha kwake.

"Sita! Mwanamke, unataka nife hapa? Chukua sita, uchukue na kreti ya pili sita, nipunguzie huu mzigo!"

"Na stroberi utazibeba?"

"Hata nikizila hapa hapa. Hazina uzito!"

Wakapimiana wima, Eulogia akiwashikia mdomo wa mfuko wa unga. Nicanora akaongeza vibaba viwili vya juu bila kuombwa, maana mabega yalikuwa yakimuuma, kisha akamwaga yaliyobaki kwa mama wa mikate. Delfina aliufunga mfuko ndani ya shali, akauweka mgongoni. Ulikuwa mzito, mzito mzuri. Vibaba kumi na vinne! Wakila kwa mpango, na wasichana wakichanganyiwa viazi, siku ishirini zinafika. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wenye stroberi, akabaki na uso mwekundu na furaha ya kijinga. Lori lingeondoka saa sita. Alichokuwa amebakiza ni kusimama tu.

Aligeuka kumtafuta nana Librada ampe habari, akamwona anayumba.

Bibi alikuwa amesimama saa mbili na zaidi na vyungu mgongoni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyesema wasiguse chini, hakutaka kusema amechoka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mtu mmoja akawahi kuvipokea vile vyungu, lakini bibi mwenyewe alishuka polepole, mgongo ukiteleza kwenye nguzo ya taa, mpaka akakaa kwenye mawe, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, fungu la dagaa alilobadilishana likiwa mapajani.

Evodio alifika na utepe.

"Ametumia ardhi," alisema.

"Huyo ni mtu!" Delfina alipiga kelele. "Ni bidhaa huyo?"

"Ana dagaa mapajani. Bidhaa hiyo. Mita moja." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Ainuke, au alipe, au niandike. Na nikimwandika yeye, nitawaandika wote, maana ndiye aliyewachochea."

"Atainukaje na hali yake hii?"

"Sijui, mama."

Nicanora alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili. Mikono yake ilikuwa mitupu, mahindi yamekwisha na stroberi amewagawia wenzake. "Tumbebe," alisema. "Tumkalishe kwenye shali kama machela, mimi huku, mwingine kule. Nani ana shali?"

Wanawake walitazamana. Shali zote zilikuwa zimejaa na kufungwa, na mikono yote ilikuwa na kitu. Aliyekuwa karibu kuliko wote ni Delfina, na shali yake ilikuwa pana na mpya, na ndani yake kulikuwa na mahindi.

Alisita. Tusimsingizie ushujaa, alisita. Aliwaona wasichana wake wawili wakikwangua sufuria. Kisha akauona mkono wa bibi ukipapasa mawe kutafuta pa kujiinulia, unapapasa na kuteleza, unapapasa tena.

Alifungua fundo, akauweka mfuko chini, akaivuta shali na kuipitisha chini ya mapaja ya bibi. "Moja, mbili," alisema Nicanora, wakainuka pamoja. Nana Librada akapanda hewani, hajafika hata magotini mwao, lakini amepanda.

"Mfuko!" aliita Eulogia. "Mpeni bibi aupakate!"

Kiatu cha Evodio kilikuwa kimeshakanyaga pindo la mfuko. Aliinama akapima. "Sentimita arobaini," alisema. "Inahesabiwa mita nzima. Peso thelathini."

"Huna haya," alisema Eulogia. "Huna haya hata kidogo."

Evodio alifungua kitabu cha risiti. Aliandika. "Jina?"

"Delfina Huipe."

"Mahindi, mfuko mmoja." Alikichana kipande, akamnyooshea na kalamu. "Weka sahihi hapa. Bila sahihi huwezi kuja kuudai Jumatatu."

Delfina alikuwa ameuzungusha mwisho wa shali kwenye viganja vyote viwili, na uzito wa bibi ulikuwa umeukaza hadi vidole vimekuwa vyeupe.

"Mshushe dakika moja tu," alisema Evodio, karibu kwa upole. "Weka sahihi, halafu umnyanyue."

"Ukimwona chini utamwandika."

Evodio aliangalia kitabu chake. "Nitamwandika," alisema.

"Basi siweki."

Kijana alingoja, akachomeka kalamu sikioni, akaukumbatia mfuko. Hakuwa mtu wa mizigo. Alikwenda nao hatua kumi, akautua kupumua.

"Mita moja!" alipaza Eulogia. "Peso thelathini, bwana! Umeweka chini!"

Ufukwe mzima ulilipuka. "Lipa! Lipa, mwandikeni!" Evodio aliunyakua mfuko shingo ikiwa nyekundu, akautua tena mara ya pili, nao wakapiga kelele tena, mpaka alipofika kwenye pikapu na kuutupia ndani. Wanawake walicheka hadi kuku wakapiga mbawa mikononi mwao. Delfina hakucheka. Aliutazama mfuko ule, ukiwa peke yake katika gari zima.

"Mwanangu," nana Librada alinong'ona kutoka ndani ya shali, macho ameyafumba, "ameshaondoka? Nishushe sasa, nitakuumiza."

Evodio alikuwa amegeuka, amejifuta uso, anarudi na utepe wake.

"Bado yupo, nana," alisema Delfina, akaikaza shali mzunguko mwingine mkononi. "Wewe kaa."